Kilio cha Birikani

Kosa lilikuwa la Ayoub, mtunza vifaa wa filamu. Aliona Ijumaa inampita, akakimbilia msikitini na wenzake, na ufunguo wa pingu ukabaki mfukoni mwake. Wengine wakaenda kula. Kila mmoja alidhani mwenzake keshamfungua Mwatima.

Mwatima, mshona nguo wa Jang'ombe aliyepewa sehemu ya mtumwa, alikuwa chini ya ardhi, ndani ya birika kongwe la kuwekea maji la shamba la karafuu. Mkono wake ulifungwa kwa pingu ya mnyororo kwenye pete iliyo chini kabisa ukutani, chuma cha kweli, maana mwongozaji alitaka kilie vizuri. Kusimama hawezi. Simu yake iko garini. Mtumwa hana simu. Kisha mvua ya masika ikamwagika, na maji yakaanza kuingia birikani. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Yalipofika kiunoni alipiga kelele. Yalipofika kifuani alilia kilio ambacho mwongozaji alikiomba wiki nzima asikipate. Hakuja mtu. Na aje nani? Jumatatu wanakijiji walisikia kilio chake cha filamu, wakavamia na mapanga kumwokoa, wakaharibu picha. Sheha, kiongozi wao wa kijiji, akawaonya: mkisikia mtu analia birikani, kaeni makwenu, ni mchezo tu.

Kwa hofu hata dua ilimpotea. Atakufa hapa watu wanamsikia, na kila akizidi kulia watazidi kumsifu.

Ndipo akili ilipomjia. Akainua kidevu juu ya maji, akapiga vigelegele. Meno yanagongana, machozi yanamtoka, naye anapiga vya arusi, anapiga vya uzazi, mpaka ulimi ukafa ganzi. Mwanamke gani wa Unguja asikie vigelegele asitoke kutazama?

Wanawake wa kijiji walikuja na mvua hiyohiyo, kanga vichwani, wakicheka. Bi Salhiya, jirani wa shamba, alichungulia kwanza.

"Hee! Nani kajifungua humu?"

"Nnakufa, Bi Salhiya! Nnakufa kweli! Ufunguo anao Ayoub!"

Kicheko kilikatika. Wawili wakaruka ndani kumshika kichwa, wa tatu akakimbilia msikitini, akamwita Ayoub mlangoni kwa ukali.

Alipofunguliwa, Mwatima alitetemeka mapajani mwa Bi Salhiya.

"Kwani hamkunisikia nkilia?"

Bi Salhiya alimfunika kanga yake, hakumtazama usoni.

"Tulikusikia, mwanangu. Tokea mwanzo. Mie nkaendelea kupaa samaki magamba."