Senti Tano za Wanda Kosciak

Roland Teasdale hakuketi hata kitini. Aliichukua ile sarafu ya senti tano, akaiweka chini ya kioo chake cha kukuzia kwa muda wa kumeza mate, kisha akamrudishia Wanda Kosciak mbele ya watu wote.

"Mashine ilicheza kidogo wakati wa kuipiga chapa, basi. Zimejaa tele hizi. Kanunulie peremende, mama."

Wanachama wakacheka, wote wanaume. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, katika chumba cha chini cha kanisa mjini Harlow Mills, Ohio, ambako klabu ya wakusanya sarafu ilikutana kila mwezi. Roland alikuwa daktari wa meno mstaafu, na uenyekiti ameukalia miaka ishirini na miwili. Alichosema yeye kuhusu sarafu, ndicho hicho hicho.

"Umeitazama sekunde tatu," Wanda akasema.

"Nazitazama mwaka wa arobaini huu."

"Na mimi nimesimama kiwandani kwenye mashine ya kupiga bawaba za milango miaka thelathini na mmoja. Muhuri, kile chuma kinachogonga chapa, ukilegea ukacheza, unaburuza, na herufi inabaki na ukingo bapa, mfano wa ngazi. Hapa herufi ni mbili mbili, zote zimeinuka vizuri. Muhuri wenyewe ulitiwa maandishi mara mbili, na mara ya pili yakakaa upande. Ulikuwa na kasoro kabla haujapiga hata sarafu moja."

"Bawaba si sarafu, Wanda."

"Chuma ni chuma, Roland."

Hakuondoka. Alivuta kiti hadi safu ya mbele, akanywa kahawa yake polepole, akakaa mpaka mkutano ukafungwa. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto, lakini hakutaka mtu aone mgongo wake ukipita mlangoni.

Njiani kurudi nyumbani ndipo akili ikamtulia. Muhuri mmoja hupiga sarafu maelfu kwa maelfu. Kama huo muhuri ulikuwa mbovu kweli, basi sarafu yake ina ndugu mahali fulani, mifukoni mwa watu na kwenye mikebe ya chenji. Na ndugu hao wangejulikana, kwa sababu chini ya mlango wa jumba lenye nguzo lililochorwa mgongoni mwa sarafu, palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Kucheza kwa mashine hakuwezi kurudia mkwaruzo ule ule, na maandishi mawili yale yale, kwenye sarafu mbili. Atafute ya pili tu.

Kila Jumatatu akawa anakwenda benki kuchukua boksi la senti tano, sarafu elfu mbili, akizipitia moja moja mezani jikoni. Akimaliza, alizirudisha benki nyingine ng'ambo ya mto, asije akauziwa zile zile. Nyingi zilikuwa mpya, hazina maana kwake. Za miaka ya hamsini, kama yake, zilitokea chache mno. Vidole vyake vikawa vyeusi hata sabuni ya vyombo haikuvitakasa.

"Mama, huu sasa ni ugonjwa," binti yake Denise alimwambia kwenye simu.

"Ugonjwa gani? Mgonjwa gani anainua boksi la kilo kumi?"

"Kwa ajili ya kumkomesha mzee mmoja tu?"

"Kwa ajili ya sarafu," Wanda akajibu. Halafu, kwa kuwa hakuzoea kumdanganya binti yake, akaongeza, "Na yeye pia."

Ya pili ilipatikana mwezi Machi, kabeji ikichemka jikoni. Herufi mbili mbili, mkwaruzo chini ya mlango. Aliiweka kando ya ile ya kwanza, akahamisha jicho kutoka hii hadi ile, tena na tena, mpaka kabeji ikaungua. Alikula mkate na siagi usiku huo, na hakujali.

Wiki ya pili yake mlango ukagongwa. Alikuwa Otis Freeland, karani mstaafu wa posta, mwanachama wa zamani wa klabu. Alisimama barazani kofia mkononi.

"Nilicheka siku ile," akasema. "Nilicheka na wenzangu, wala sikuwa nimeiona. Imenikera tangu hapo. Basi nikaenda kwenye mtungi wangu wa chenji za zamani." Akafungua kiganja.

Wanda alitazama kwenye kioo. Ilikuwa ya tatu.

"Ingia, Otis. Kahawa ipo."

Siku hiyo hiyo waliandika barua pamoja kwa mhariri wa orodha ya sarafu zenye kasoro, huko Indiana. Mhariri aliomba zitumwe kwa posta. Wanda alikataa, akaendesha gari kwa muda wa saa nne, akaketi mbele yake akimtazama anavyotazama. Yule bwana alichukua karibu saa nzima, kisha akafungua daftari akaipa aina hiyo namba yake kwenye orodha.

Kwenye mkutano wa Juni, Roland alisimama na uso wa furaha. "Klabu yetu imefanya ugunduzi," akatangaza. "Orodhani tumo."

Wanda akasimama pia. "Klabu haikugundua kitu."

"Tusigombane, mama. Ila kwa utaratibu, ulipaswa kupitia kwangu kwanza."

"Nilipitia kwako Septemba."

Hakuna aliyecheka. Roland alikohoa, akaomba mkutano uendelee, lakini Wanda hakuketi. Katibu, kijana mpole aitwaye Lyle, alikuwa akiandika kumbukumbu.

"Lyle, umeandika nini hapo?"

"'Klabu imegundua aina mpya ya senti tano.'"

"Futa."

Lyle akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari. Lyle akaandika upya, akasoma: "'Mwanachama mmoja wa klabu amegundua...'"

"Ana jina huyo mwanachama."

"Wanda, inatosha," Roland akasema kwa sauti ya chini.

"Haijatosha bado. Mimi sina haraka."

Kutoka nyuma, Otis akasema, "Mwandike, Lyle. Sote tunajua ni nani."

Lyle akafuta kwa mara ya pili. Wanda akasubiri akiwa wima, akimtajia jina lake la ukoo herufi kwa herufi, mpaka ile ya mwisho.