Imebaki Ngapi

Vumbi la chaki bado limelala kizingitini mwa jikoni, Mama, jeupe, jembamba. Jua la saa kumi likiingia dirishani, linaliamsha. Baba hataki lifagiliwe. Mlango ni ule ule mweusi, na namba aliyoiandika kwa chaki ni ile ile usoni pake: milioni moja, elfu ishirini na mbili, mia moja na kumi na saba.

Unakumbuka? Baba, mwalimu wako wa hesabu asiyejua kustarehe, aliapa kujua kama ni namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kila siku akitoka shule aliijaribu kwa kigawanyo kimoja tu, nacho kiwe tasa, kwa mkono. Mbili ilikataa. Tatu ikakataa. Saba ikaacha tano. Nawe, mikono imejaa povu la sabuni, uliuliza bila kugeuka, "Imebaki ngapi?"

Imebaki ngapi? Siku mia moja sitini na nane uliuliza. Siku ya mwisho aligawa kwa mia tisa tisini na saba. "Mia moja tisini na mbili," akajibu, nawe ukacheka: "Namba yako ina kichwa kigumu kama wewe." Asubuhi yake tulikupeleka hospitali. Tukarudi bila wewe.

Akaiweka chaki chini. Kilikuwa kimebaki kigawanyo kimoja, Mama, kimoja tu cha kujaribu, maana tasa zilizo kubwa zaidi hazikuwa na haja, na alijua. Lakini akatangaza: "Haigawanyiki. Imesimama peke yake, kama mimi." Miaka kumi na moja sasa. Nikimwambia ahamie kwangu, ananionyesha mlango. Mbishi huyo! Nguo zinampwaya, anakula amesimama, na mimi naogopa, naogopa sana, kwamba siku moja nitamkuta sakafuni.

Leo nimeiokota chaki. Kigawanyo kile kilichobaki: elfu moja na tisa. Nikajiuliza: je, nikimvunjia kitu cha mwisho alichokishikilia? Nikagawa huku ameketi nyuma yangu. Chaki ikalia, vumbi likanimwagikia vidoleni. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza swali lako.

"Imebaki ngapi?"

"Sifuri, Baba."

Elfu moja na tisa mara elfu moja na kumi na tatu. Zote mbili ni tasa, na katikati yake hakuna tasa nyingine.

Alisoma mara mbili. Akazigusa kwa kidole, moja, kisha ya pili. Akalia, Mama, yeye ambaye hakulia hata siku ya kukuzika. "Kumbe zilikuwa mbili," akasema. "Miaka yote hii, mbili. Nami nikadhani niko peke yangu."

Alipopangusa machozi, chaki ilimbakia shavuni. Sikuifuta. Aliniomba nimtafutie begi.

Tulitoka tumeshikana mikono. Lile vumbi la kizingitini tulilikanyaga sote, Baba na mimi, likatufuata miguuni hadi nyumbani kwangu.