Chini ya Jiwe

Jiwe lilikwenda, likakaa.

Halikurudi papo hapo kama lilivyozoea. Mwanamke alikuwa bado ameliegemea, bega lake la kulia limezama katika kile kishimo kilichochimbwa na mabega ya watu wa nyumba yao, mguu mmoja ameukita nyuma. Alingoja ule mshindo mzito ambao kila asubuhi ulimfikia kwenye nyayo kabla haujafika masikioni. Haukuja. Kwa muda wa kumeza mate, jiwe kubwa kama chumba lilibaki limeinamia bonde, mithili ya mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Kisha likarudi polepole, na chini yake ikasikika sauti ya mchanga unaosagwa.

Akaondoa bega. Akajifuta viganja kwenye gauni ingawa havikuwa na kitu. Akalisukuma tena, safari hii kwa mikono tu, kama anayembembeleza mtoto alale. Likaenda, likakaa, likarudi.

"Kaka!" aliita. "Kaka, hebu njoo huku!"

Kaka yake alikuwa chini kando ya barabara, anakipaka kibao rangi mpya. Alipanda vidaraja vya mwamba vya kufikia jiwe huku brashi ikimdondoshea rangi nyekundu kwenye viatu.

"Kuna nini, Bega?" Ndivyo walivyomwita wote, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu.

"Linakawia."

"Nini kinakawia?"

"Jiwe. Linakwenda halafu linakaa huko, kama linafikiria."

Kaka yake akacheka. "Liache lifikirie. Kwenye ukoo huu hakuna mwingine anayejisumbua na kazi hiyo."

"Sifanyi mzaha. Tangu walipolipua mwamba pale kwenye kona ili wapanue barabara, halijatulia. Leo ndio limezidi. Weka mkono."

Akaweka kiganja, taratibu, kama mtu anayemgusa mbwa asiyemjua, akakitoa haraka. "Mimi sisikii kitu."

"Hukusukuma."

"Bega, basi la wageni lishaondoka mjini. Limejaa mpaka viti vya katikati. Jiwe halikuanguka kwa babu, halikuanguka kwa baba, lije lianguke leo kwa sababu wewe umeamka na wasiwasi?"

"Sawa. Waje, walitazame. Ila baba asikae."

Hapo kicheko kikamkauka mdomoni. Kwa sababu kukaa kwa baba ndiko wageni walikokuwa wakija kukutazama.

Babu yao alikuwa kibarua wa barabara. Siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, alipanda kutafuta kivuli, akajikuna mgongo kwenye jiwe kama punda ajikunavyo kwenye mti, na jiwe nalo likamkuna. Wenzake walikimbia wakaacha hata sururu. Yeye alibaki, akasukuma tena, akacheka peke yake. Barabara ilipokwisha hakuondoka nayo. Alijenga vyumba viwili ubavuni mwa mlima, akasimamisha kibao cha bati, na madereva wa malori wakaanza kusimama.

Lakini watu waliogopa kuligusa. Ndipo babu alipomchukua mkewe, akamketisha kwenye kibaraza cha mwamba upande wa bondeni, chini kabisa ya tumbo la jiwe, akawaambia wageni, "Mnaona? Ningelikuwa na mashaka nalo, ningemweka mama watoto hapo?" Wakacheka. Wakasukuma. Bibi alikaa pale miaka yote, akisuka vikapu. Baada yake akakaa mama yao Bega, akichambua mchele, mume wake akisukuma juu. Bega alikuwa akimpelekea maji, na alichokumbuka sana ni vidole vya mama: jiwe lilipoinama, viliushika ungo kwa nguvu mpaka vifundo vikawa vyeupe, lakini uso haukubadilika hata kidogo. Mama alifariki kwa homa, kitandani. Matanga yalipokwisha, baba alimwachia binti yake kazi ya kusukuma, akateremka yeye mwenyewe na kigoda chake. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemuuliza.

Bega alimkuta baba chumbani anafunga vifungo vya koti lake la kazi, lile jeusi lenye kola ya hariri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamefika?"

"Bado. Baba, leo usikae kule chini."

Mzee akageuza sikio lake moja lililobaki zima. "Nisikae wapi?"

"Chini ya jiwe. Limelegea."

"Hata mimi nimelegea. Mbona hamjanifunga?"

"Baba, nakuomba."

"Nani atasimamisha gari kutazama jiwe lisilo na mtu chini yake? Mawe yamejaa dunia nzima." Akachukua kikombe chake cha bati. "Nitilie chai, mwanangu. Na usiniangalie hivyo, bado sijafa."

Alimtilia. Chai ikamwagika juu ya meza, na wifi yake aliyekuwa akipanga chupa za soda kwenye ndoo ya maji akaja kuifuta.

Basi lilipofika, lilipiga honi tangu kwenye kona. Waliteremka watu wa kila namna: kina mama wenye miavuli, vijana wenye simu zilizokwisha inuliwa, kiongozi wa msafara mwenye filimbi shingoni, na mwanamume mmoja mwenye kifua kama mlango ambaye alianza kukunja mikono ya shati kabla hajafika kwenye vidaraja. Kaka aliwapanga nyuma ya kamba. Akawasimulia habari za babu na mgongo wake, wakacheka palepale pa kucheka. Akawaonyesha kibao kule chini, rangi bado mbichi: JIWE LINALOTIKISIKA. HALIJAWAHI KUANGUKA.

"Na sasa," alisema, "mwenye nyumba."

Baba alishuka kwenye kibaraza huku akishangiliwa. Aliketi, akakunja nne, akainua kikombe. "Wageni wangu," alisema kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko mwili wake, "likiniangukia nikawa bapa kama karatasi, tafadhali msiniandike makosa!"

Wakaangua kicheko. Bega hakucheka. Aliweka bega kwenye kishimo chake, akakita mguu, akakunja uso, akaguna kama asukumaye. Lakini hakusukuma.

Jiwe likatulia tuli.

Wageni walisubiri. Simu zilibaki hewani. Kisha mtu mmoja akaguna nyuma, na mwingine akasema, "Hili limejengewa saruji!" Kicheko kikapita, si kile cha kwanza.

"Bega," kaka alimnong'oneza. "Sukuma."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vipi huko juu?" baba alipaza sauti. "Mtikisaji amesinzia?"

"Nipisheni mimi," alisema yule mwenye kifua, akaanza kuvuka kamba. Na kaka, ambaye jasho lilikuwa likimshuka nyuma ya masikio, akamwinulia kamba apite.

Bega akageuka, akaegemeza mgongo kwenye jiwe, akatanua mikono. "Hakuna atakayeligusa."

"Dada, tumesafiri tangu alfajiri," alisema mwanamume yule, na hakusema kwa ubaya.

"Hata ungetembea kwa magoti."

"Mdogo wangu," kaka alisema, taratibu sana, "usinivunjie heshima mbele za watu. Toka hapo."

Alimtazama. Aliona kwamba kaka yake hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa imeshika njia isiyo yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mama alizoea kusema, na wakati huo Bega alijua la kufanya.

Akatoka kwenye jiwe. Hakwenda kwenye kamba. Alizunguka ubavuni, akashuka vidaraja vitatu vya kwenda kibarazani, akaingia kwenye kivuli kilichomwangukia kama nguo baridi. Akaketi chini kando ya kigoda, goti lake likigusa goti la baba.

"Unafanya nini huku?" baba aliuliza.

"Nimekuja kukaa."

"Kigoda ni kimoja."

"Nitakaa hapahapa." Kisha akapaza sauti, na sauti ikagonga tumbo la jiwe ikamrudia. "Kaka! Haya, sukuma! Si mgeni. Wewe mwenyewe."

Tangu mama afariki hakuwahi kuketi pale. Juu ya kichwa chake jiwe lilikuwa na mipasuko myembamba, na katika mmojawapo mchwa walikuwa wamejenga njia yao ya udongo, imekatika katikati. Akasikia viatu vya kaka vikikwaruza mwamba, vikitafuta pa kukita. Akasikia pumzi yake. Akashika ukingo wa koti la baba, na alipotazama mkono wake aliona vifundo vimekuwa vyeupe.

Chembechembe za mchanga zikadondoka kutoka juu. Zikaingia kwenye kikombe.

Baba akakitazama kikombe. "Huwa unadondoka," alisema chini kwa chini.

"Tangu lini?"

"Siku kadhaa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nakunywa chai yenye mchanga, mwanangu, nisijue?"

Bega alitaka kupiga kelele, lakini aliogopa hata kuvuta pumzi. "Mbona hukusema?"

Mzee alikizungusha kikombe mkononi. "Mama yako alikaa hapa akiwa na mimba yako. Mimi nilikuwa pale aliposimama kaka yako sasa, nacheka na wageni. Jioni alikuwa anaumwa vidole, namkanda kwa maji ya moto, simuulizi vimefanya nini." Akakiweka kikombe juu ya mwamba, kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima. "Nilidhani nikikaa vya kutosha, mimi naye tutakuwa sawa."

Huko juu viatu viliacha kukwaruza.

Hakuna kilichosogea, si jiwe wala watu. Kisha kichwa cha kaka kikachomoza ubavuni mwa jiwe, uso umepauka kama uliopakwa majivu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto mdogo waliyemsahau zamani.

"Tokeni," alisema. "Baba. Bega. Tokeni huko, tafadhali."

Bega akasimama akampa baba mkono. Mzee akaukamata. Walipanda daraja moja moja, na hakuna hata mmoja aliyetazama nyuma.

"Onyesho hakuna," kaka aliwaambia wageni. "Leo hakuna, na kesho hakuna. Mke wangu atawapa soda, kila mtu yake."

"Lakini kibao kinasema…" kiongozi wa msafara alianza.

"Kibao nimekiandika mimi," kaka alisema. "Shukeni polepole, na msipite upande ule."

Waliondoka wakinung'unika. Yule mwenye kifua kama mlango alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya baba, akamwinamia, akashuka.

Basi lilipopotea kwenye kona, baba alivua koti, akaliweka juu ya kamba. Akaenda kwenye jiwe. Bega na kaka yake wakapiga hatua kwa pamoja, lakini mzee hakuwa na haraka. Aliweka bega lake kwenye kishimo, na lilipaenea. Baada ya miaka yote ile bado lilipaenea. Akasukuma kidogo. Likaenda. Likakaa.

Alisikiliza ukimya ule huku amefumba macho.

"Linaaga," alisema liliporudi. "Tukiliacha litakwenda lenyewe, na litajichagulia wa kwenda naye. Leteni mtaimbo. Na mtu afunge barabara."

Hakuna aliyebisha. Wifi alikwenda upande wa kona na kitambaa chekundu, kaka akaenda upande wa pili na kingine. Magari yalianza kusimama, moja nyuma ya jingine, na madereva wakatoa vichwa madirishani. Baba alisema mtaimbo ashike Bega, yeye atatumia bega, maana ndilo analolijua. Bega akataka kumkatalia. Akamtazama usoni, akaacha.

Mara ya kwanza likaenda likarudi. Mara ya pili likakaa muda mrefu zaidi, na likarudi kwa shida, likiguna. Baba alikuwa akihema, mshipa wa shingo umesimama. "Sasa," alisema, na wakasukuma wote wawili, Bega akiulalia mtaimbo kwa uzito wake wote.

Jiwe likaenda. Likakaa. Likaendelea kukaa. Bega alijisikia bado anasukuma, kumbe mbele ya mtaimbo hapakuwa na kitu tena, na akamdaka baba kiunoni kabla hajafuatana nalo. Mshindo wa kwanza ulikuwa wa kibaraza: kigoda, kikombe, vyote. Wa pili ulitikisa mabati ya nyumba. Baada ya hapo ikawa ngurumo ndefu iliyoteremka korongoni, miti ikivunjika, mpaka ikaishia mahali wasipopaona, na vumbi jekundu likapanda taratibu juu ya barabara.

Walikuwa wameketi chini, baba na binti, miguu imenyooka mbele kama watoto.

Vumbi lilipotulia, magari yakaanza kupiga honi. Kaka hakushusha kitambaa. Alisimama katikati ya barabara amekishikilia juu, uso ameuelekeza mlimani, hadi mkewe alipotoka kule upande wa pili akamshika mkono.

Pale jiwe liliposimama palibaki duara la mwamba mweupe, laini, lenye unyevu bado, ambalo halikuwahi kupata jua. Baba alilitazama kwa muda. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua kimoja baada ya kingine, akavipanga pembeni. Akalikanyaga kwa mguu mmoja. Akangoja kuona kama litatikisika. Akaweka na wa pili.