Mwezi Uliolala Kifudifudi

Mtaa mzima wa Majengo, pale Gisenyi, ulijua kwamba Dauda, fundi cherehani, aliwahi kuwalisha watu pilau siku ya funga. Kisa chenyewe kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, lakini kwa jinsi kilivyosimuliwa vibarazani ungedhani ni cha enzi za Wadachi. Jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa ziwa, shingo zinawauma kwa kutafuta mwezi, na Dauda, ambaye hutia uzi kwenye sindano bila taa, akaulizwa mara ya kumi: "Fundi, bado hujauona tu?" Akaona kitu kinametameta upande wa Goma. Hakuwa na hakika. Lakini watu walikuwa na hamu, na yeye si mtu wa kuvunja shughuli. Akasema, "Nimeuona."

Kesho yake mbuzi wameliwa, jioni mwezi haupo, na palepale pakametameta tena: taa ya nyumba mpya mlimani. Majengo nzima ikalipa siku moja ya funga, na Dauda akapewa jina la Shahidi wa Taa.

Basi mwaka huu wa hamsini na saba alitaka kitu kimoja tu duniani: aseme neno, na neno lake liaminiwe.

Mwezi huohuo ndipo ilipotokea ile nyota yenye mkia. Kila mtu aliiona na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mbelgiji mmoja mpima mvua, ambaye watu walimwita Bwana Darubini, akatangaza kwamba yeyote anayetaka kuitazama vizuri aende ukingoni mwa ziwa jioni, ni bure. Alikuwa na darubini ndefu ya shaba yenye miguu mitatu, na karani wake Gratien, kijana wa Rubona mwenye tai, ndiye aliyekuwa akitafsiri.

Jioni ya ishirini na tisa watu wakafungua kwa uji harakaharaka, wakateremka ziwani. Waislamu walifuata mwezi, Wakristo wakafuata nyota, na Saidati alifuata watu. Huyu Saidati alikuwa dada wa mke wa Dauda, jirani yake ukuta kwa ukuta, na tangu mke wa Dauda aende Mahoko kuuguza mama yake, Saidati ndiye aliyempikia shemeji yake na kumsema.

"Shemeji, leo usituonyeshe taa tena," akamwambia mbele za watu. "Mi nimeshatwanga bizari. Iko tayari."

Watu wakacheka.

Mawingu yalikuwa yametanda juu ya ziwa, yameacha ufa mwembamba pale jua lilipozamia. Macho yote yalitafuta katika ufa ule, hayakupata kitu. Bwana Darubini akasema maneno mengi ya Kifaransa, akionyesha bomba lake, akigeuza kiganja juu chini. Gratien akasikiliza, akakohoa kidogo, akatafsiri: "Bwana anasema, bon, kabla ya nyota atawaonyesha mwezi mupya. Mutu mumoja mumoja, musisukumane."

Dauda alikuwa wa tatu; wawili waliomtangulia waliona weupe mtupu. Akafumba jicho moja. Mwanzoni akaona kope zake mwenyewe, kisha weupe, kisha, katikati ya weupe ule, uzi mmoja wa fedha uliopinda. Moyo ukamruka. Akaondoa jicho, akatazama kwa macho matupu: hakuna. Akarudisha jicho: upo! Akataka kupiga kelele, ndipo akaona kitu kilichomkausha mdomo.

Pembe zilitazama chini.

Mwezi mchanga wa kwetu hulala chali, kama mtumbwi. Hata mtoto anajua. Huu ulikuwa umelala kifudifudi, kama mtumbwi uliopinduka. Akataka kutazama tena, lakini nyuma walikuwa wanasukumana, na aliyemfuata alipoinama, wingu likaziba.

Mwalimu Amisi alikuwa msikitini anangoja mashahidi. Asili yake Ujiji, mzee wa sauti ndogo, na tangu aibu ya mwaka jana alikuwa na desturi ya kumuuliza kila shahidi maswali matatu: uliuona wapi, kwa muda gani, na ulilala vipi.

"Ulilala vipi, Dauda?"

Msikiti ulijaa hadi nje. Dirishani alisimama Saidati, mdomo unacheza bila sauti: *Sema chali! Sema chali!* Dauda akamwelewa vizuri sana. Neno moja tu, na kesho ni Idi, na mtaa mzima utambeba. Lakini mwaka jana pia ilikuwa neno moja tu.

"Kifudifudi, Mwalimu. Pembe zilitazama ziwani."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika hadi sokoni.

"Kifudifudi!" mtu akasema nje. "Mwaka jana taa, mwaka huu mwezi umelewa!"

"Kimya," akasema Mwalimu Amisi. Akamtazama Dauda kama mtu anayetazama shuka iliyoshonewa mikono. "Wewe mwenyewe umewahi kuuona mwezi mchanga umelala hivyo?"

"Sijawahi. Nami nimeshangaa. Lakini ndivyo nilivyouona."

Ushahidi ukakataliwa. Kesho ni funga.

Usiku Dauda hakulala, na asubuhi alikuwa amechanganyikiwa zaidi. Kama ameuona mwezi, leo ni Idi, na kufunga siku ya Idi ni haramu. Kama hakuuona, leo ni Ramadhani, na kula ni haramu. Akachemsha chai. Akakaa mbele ya kikombe. Akakinyanyua, akakiweka. Akasema bismillahi, akapiga funda moja, akaogopa, akatema uani. Kisha akaogopa kwa sababu ametema. Alipoona chai imeota utando akaiacha hapohapo, akaenda kumtafuta Gratien.

Akamkuta barazani kwa Bwana Darubini, anafuta bomba kwa kitambaa.

"Gratien, ndugu yangu, ile chombo yenu iko muzima?"

"Muzima kabisa."

"Donc, basi, mwezi ndio iko mugonjwa. Niliuona imepinduka."

Gratien akaacha kufuta. Akatazama mlangoni, kama bwana wake yupo au hayupo. "Fundi, kuja tazama," akasema polepole. Akaelekeza bomba ukingoni, ambako wanawake walikuwa wakifua.

Dauda akainama. Ziwa lilikuwa juu, mbingu chini. Wanawake walining'inia kwa miguu kama popo, na bado wanafua, hata mmoja hakuanguka.

"Ayiwe!"

"Inageuza kila kitu," akasema Gratien. "Bwana alisema jana, mbele ya watu wote. Mi niliruka hayo maneno."

"Kwa nini?"

"Niliona haya. Bon, niwaambie watu kwamba chombo ya bei kali hivi, kutoka Ulaya, inaonyesha dunia miguu juu? Mungecheka hadi leo."

"Wamenicheka mimi!"

Gratien akalegeza tai.

Saa tisa Dauda alirudi na Mwalimu Amisi. Saidati akaja bila kuitwa, na nyuma ya Saidati ikaja nusu ya mtaa. Gratien akarudia maneno aliyoyaruka, safari hii yote, jasho likimtoka. Mwalimu akatazama muda mrefu. Saidati akatazama, akapiga kelele: "Ni Mukashyaka yule anafua! Na ile kitambaa yangu alisema imepotea! Hata kichwa chini naijua!"

Mwalimu Amisi akamvuta Dauda pembeni.

"Jana ungesema chali, ningekubali."

"Najua."

"Wangekupenda."

"Najua, Mwalimu."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi neno lako nalikubali. Uliona ulichosema, na ulisema ulichoona. Lakini kama jicho la bomba ni jicho la mtu, hilo sijui. Nitaandika Ujiji kuuliza."

"Mwalimu!" Saidati akaita, maana hakuna pembeni ambayo masikio yake hayafiki. "Kama fundi alisema kweli, leo ni Idi tangu asubuhi! Sasa tule ao tusile?"

Mwalimu Amisi akalitazama jua. Akamtazama Dauda. Kwa mara ya kwanza Majengo ilimwona hana jibu.

"Kwanza we, Dauda, leo umefunga?"

"Nilipiga funda moja ya chai."

"Ukala Idi, basi."

"Nikaitema."

"Ukafunga, basi."

"Hata mi sijui, Mwalimu."

"Tungojeni jioni," akasema Mwalimu. "Zimebaki saa tatu. Na jioni atakayeita mwezi ni Dauda, kwa macho matupu."

Jioni mbingu ilikuwa safi. Mwezi ulikuwepo, mnene, uko juu kuliko mwezi wa siku moja unavyostahili kuwa, umelala chali kama ilivyo ada yake. Kila mtu aliuona. Lakini hakuna aliyeita. Watu mia mbili walisimama ukingoni, nyuso zimemgeukia Shahidi wa Taa.

"Fundi," akasema Saidati, taratibu kuliko alivyowahi kusema tangu azaliwe. "Iko?"

Dauda hakuwa na haraka. Akaligeuzia ziwa mgongo, akapanua miguu, akainama hadi kofia ikaanguka, akauchungulia mwezi kwa katikati ya magoti yake. Pembe zikatazama kama alivyoziona jana. Uzi uleule, ila umenenepa.

Mwalimu Amisi akakohoa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha, akashika kanzu yake, naye akageuka, akainama. Akafuata Gratien na tai yake. Akafuata Saidati. Muda si muda ukingo wote wa Gisenyi ulikuwa umeinama, migongo kwa ziwa, vichwa chini.

"Kweli," ikasikika sauti ya Saidati kutoka katikati ya khanga zake. "Imelala kifudifudi. Sasa ile pilau, shemeji, ni ya leo ao ya jana?"

Dauda akainuka, akaokota kofia, akaikung'uta mchanga.

"Nimeuona," akasema, na mtaa mzima ukaitikia takbira.