Meza ya Wimbi Sokoni Malaba

Kwa miaka kumi na mmoja Asekenye aliuza wimbi sokoni Malaba. Asubuhi alivuka upande wa Uganda, akaonja punje kwa meno kabla ya kununua gunia, na jua likipanda wapika malwa, pombe ya wimbi, walikuwa wamejaa mezani pake. Mumewe, Okiria, aliziba matairi ya malori. Kazi ikikosekana, meza ile ndiyo iliyolisha nyumba.

Ndipo mama mkwe alipopooza upande mmoja. Shemeji zake walimleta kutoka Amukura, wakamlaza chumba cha watoto, kisha wakaketi sebuleni kunywa chai.

"Mama hawezi kuachiwa mtu wa kuajiriwa," alisema Omuse, mkubwa wao. "Mke wangu ni mwalimu. Wa ndugu yangu yuko benki. Wewe, mama Brendah, huna kazi ya kukubana."

"Na soko, mzee?"

"Soko unaenda ukitaka."

Asekenye alimgeukia mumewe aseme neno. Okiria alikuwa anapuliza chai iliyokwisha kupoa.

Basi akamwachia meza Akwii, mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kupima na kupepeta. "Nishikie mwezi mmoja tu, dada."

Mwezi ukazaa mwaka, na mwaka ukazaa wa pili. Alimgeuza mgonjwa asitoke vidonda, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka kila siku ya Mungu. Sabuni na chumvi sasa aliomba kwa Okiria, na Okiria, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akimwomba, akajifunza kuuliza, "Ile ya juzi ulipeleka wapi?" Ni mgonjwa peke yake aliyemwona. "Umekonda, mwanangu," alimwambia siku moja, kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Alipokufa, alizikwa kwa hema, spika na ng'ombe wawili. Omuse alishika kipaza sauti, akamshukuru daktari, akamshukuru padre, kisha akasema, "Na sisi watoto tuliomtunza mama hadi dakika ya mwisho." Jikoni, mwiko wa Asekenye ulisimama ndani ya sufuria. Halafu akaendelea kusonga ugali. Wageni walikuwa wengi.

Wiki ya pili akarudi sokoni. Akwii alimkumbatia, akalia naye. Lakini meza ilikuwa na paa jipya la mabati, na kibali kilikuwa na jina la Akwii.

"Ningefanya nini, dada? Karani alisema asiyefika anafutwa. Na wateja wamenizoea."

Asekenye alitafuta uongo katika maneno hayo, asiuone. Laiti angeuona, angepata wa kugombana naye.

"Ila nahitaji mtu wa kupepeta," Akwii akaongeza, akipanga makopo yaliyokwisha kupangwa.

Asekenye akavua viatu, akaketi chini nyuma ya meza, akavuta ungo. Akwii hakuwa mtu mbaya. Alimlipa kila jioni bila kumzungusha, na siku biashara ikichangamka alimfungia na makapi, apelekee kuku.