Mikono ya Baba Kwenye Waya

Ngumi ya kwanza ya raundi ya nne niliisikia kupitia mikono ya baba.

Sifanyi mzaha. Waya wa redio ulikuwa umekatika, ncha hazifikiani tena, na baba alikuwa amesimama uani, nje ya dirisha, ncha moja mkono huu, ncha nyingine mkono ule, mwili wake ndio kiungo. Mti wa jirani ukiyumba, waya unamvuta na kumla viganja. Damu ilikuwa inashuka mpaka kwenye viwiko. Na ndani ya redio mtangazaji anasema kaka yangu, Sululu, amebanwa kwenye kamba na anachezea ngumi za uso.

Waya ule tuliufunga mchana wa siku hiyohiyo. Pambano la Sululu lilikuwa dogo, nchi ya mbali, halina picha popote. Nilisaka kwenye simu mpaka ikapata moto mkononi. Kilichobaki ni redio moja ya huko inayotangaza kwa lugha yetu kwenye masafa mafupi, na ndani kwetu ilikuwa inakwaruza tu, kama mtu anayefagia mchanga. Nikaona video: waya mrefu, nje, juu. Basi tukafumua shaba ya mota iliyoungua, tukaikwangua ncha kwa wembe, tukaishikiza kwa shingo za chupa isiguse bati wala mti, tukaivuta kutoka paani mpaka kwenye mti wa jirani.

"Baba, uache ulegee kidogo. Mti ukicheza utakatika."

"Simu ndiyo inifundishe kuvuta?"

Akauvuta mpaka ukalia.

Ndivyo alivyo. Alikuwa bondia kabla ya kuwa muuza nyama, na kaka alifundishwa naye hapohapo uani, kwa ngumi kavu. Akianguka, teke la mbavu ainuke. Akilia, anaongezwa. Mimi nilikuwa nasikia vishindo nikiwa jikoni na mama, na mama anasugua sufuria iliyokwishatakata zamani. Siku ya mwisho Sululu alirudisha. Moja tu, ya taya. Baba akatema jino, akacheka, akachukua mpini wa jembe. Nilimwona kaka anaruka ukuta, mkono mmoja unaning'inia vibaya. Tangu hapo hawakusemeshana, hata salamu za kutumwa hakuna.

Raundi ya tano baba akarusha bega, utadhani yeye ndiye yuko ulingoni. Sauti ikapotea.

"Baba, tulia. Ukirusha mkono unaikata."

"Anampiga mwanangu."

Mama akatoka jikoni. Hakupandisha sauti. "Ulimpiga sana hapohapo uliposimama, baba watoto. Leo simama usikie."

Akatulia. Nakwambia, sijawahi kuona mtu anapigwa vile bila kuguswa. Mtangazaji akisema tumbo, tumbo la baba linaingia ndani. Akisema jicho limepasuka, baba anafumba la kwake. Akikaza vidole, redio nayo inakwaruza. Mara Sululu yuko chini. Kainuka. Kaanguka. Kainuka tena. "Hataki kukaa huyu kijana," mtangazaji akasema, "sijui nani alimfundisha hivi."

Baba akafungua mdomo.

"Kaa," akasema taratibu, kama anamwita mtoto aliyepanda juu ya paa. "Kaa chini, mwanangu. Inatosha."

Mwamuzi alilivunja pambano raundi ya saba, kaka kashindwa. Ukafuata muziki. Baba hakuachia.

Giza lilikuwa limeingia simu ilipoita, namba ndefu, ngeni. Kaka alikuwa anaongea kama mtu mwenye pamba puani.

"Mlisikia?"

"Tulisikia."

"Na mzee?"

Mama alikuwa anamfungua baba vidole, kimoja kimoja, waya ukiwa umezama kwenye nyama.

"Yupo hapa."

Kaka akacheka kidogo. "Anasemaje? Nimeanguka kama gunia?"

Nikamsogezea baba simu. Akatikisa kichwa, akageukia ukuta.

"Muulize," akasema, "huko nani anamfuta damu."

Nikauliza kama alivyosema. Upande wa kaka maji ya bomba yalikuwa yanamwagika. Nikasikia anafunga bomba.

"Hebu rudia," akasema.