Kitone Msituni

…kwa sababu huwezi kukaa ndani ya gari katika mtaa huu wa Bowie, hapa Marekani, bila pazia la mtu kufunguka, na lilifunguka, bibi wa nyumba ya pembeni akanikazia macho, mtu mweusi, kofia ya viua, gari limezimwa, nikajisemea Taufiq we, utaitiwa polisi leo, leo siku ya msiba, basi nikasogeza gari, nikasogeza tena, na wehu wangu ukanifikisha pale pale nilipokatazwa, mbele ya nyumba ya Nabil, na mkewe Nadra ndiye huyo kashika pipa la taka, kaniona, ananipungia mkono, anakuja… yarabi, anakuja kweli, na mie uso wa kumtazamia sina, Nabil amekufa, amekufa leo huko Ufaransa juu ya baiskeli yake, na mkewe hajui, mkewe ananichekea, anaomba kwa ishara kioo kishuke, nami nakishusha, ningefanyaje. Abdulsamad alisema waziwazi, tukutane kwenye kona sote, asitangulie mtu, tuingie pamoja, Mize mke wangu akae ubavuni mwa Nadra amshike, ndipo yeye Abdulsamad kama mtu mzima wetu afungue mdomo, hivyo ndivyo tufanyavyo, habari kama hii haipigiwi simu, wala haisemwi na mtu mmoja njiani, na wao wako wapi, wamekwama kwenye barabara kuu ya Beltway, lori limepinduka, Abdulsamad kaniachia ujumbe wa sauti, subiri tu ndugu yangu, usiseme kitu, usijionyeshe. Nisijionyeshe! Na mimi nimevaa kanzu. Nani kaniambia nivae kanzu? Mikono yenyewe iliifuata kabatini, unakwenda nyumba ya msiba unavaa kanzu, hukai ukafikiri, mpaka nilipoingia mtaani ndipo nikakumbuka leo Jumanne, mchana mkavu, nikavuta jaketi la baiskeli kiti cha nyuma, nikalivaa juu, zipu mpaka kidevuni, juu mwendesha baiskeli, chini sheikh, Nabil mwenyewe angeniona angecheka mpaka akaanguka… akaanguka. La haula.

Shemeji, mbona umejikunyata humo kama mwizi, anasema Nadra, shuka uje unywe chai, nasema nangojea simu ya kazini, na uongo huo hata mie nausikia ulivyo mwembamba, lakini yeye hausikii, au ana lake, anaingiza simu dirishani, hebu nitazamie hiki kitone cha rafiki yako, kimeganda tangu asubuhi. Simu ya Nabil inamwonyesha alipo kwenye ramani, kitone cha buluu kinachotambaa, wiki nzima hawa wamekula nacho na kulala nacho, yeye na wanawe, Baba yuko hapa, Baba amevuka mto, na sasa kimesimama katikati ya rangi ya kijani, kijani ni msitu, na barabara ni uzi mweupe unaojikunja pale, na mimi… mimi naijua kona hiyo. Naijua! Tulipita mwaka jana, mimi na yeye na Wayne, Mmarekani wetu wa klabu, milima ya Morvan, unapanda saa nzima kwa gia nyepesi kuliko zote, miti mirefu ya shina la kijivu imekufunika huku na huku, jua huoni, unasikia mnyororo wako na moyo wako basi, harufu ya magogo yaliyokatwa, kijiji madirisha yote yamefungwa, duka limefungwa, mkahawa umefungwa, hata mbwa hakuna, maji yametuishia, na Wayne anasema kila makaburi ya Wafaransa yana mfereji wa maji ya bomba, twende tukajaze, nikasema mie maji ya makaburini siyanywi, kiu na iniue, na Nabil akayajaza chupa zote mbili, akanywa mbele yangu, akapiga mdomo, matamu kuliko ya Bowie, akasema, kunywa yakhe, hawa wenyewe hawayahitaji…

Si uliniambia mwaka jana kule msituni hakuna mtandao, anasema Nadra, uliniambia, au Nabil, nasema ni mimi, hakuna mtandao kabisa, na nafurahi, Mungu anisamehe, nafurahi kupata jambo moja la kweli la kumwambia, kwa hiyo nalivuta, nalirefusha, namwambia milima inaziba, miti inaziba, unaweza kwenda nusu siku simu imekufa… simu imekufa, nasema, na anatikisa kichwa, ndivyo nilivyowaambia watoto, anasema. Simu iko mkononi mwake. Hiyo ndiyo inayonila. Wayne, aliyekwenda naye tena mwaka huu, alinipigia mimi kwanza, analia, mtu mzima na ndevu zake analia, akasema polisi wa kule wanatafuta namba ya mkewe, watampigia wenyewe, nikamwambia wazuie Wayne, wazuie mpaka tufike kwake, sisi hatuambiani hivyo, akapandisha sauti, she has a right to know, man, ana haki ya kujua sasa hivi, kila dakika mnayomficha mnamwibia, nikamwambia wewe huelewi, nikamkatia. Nani asiyeelewa? Sasa namwangalia Nadra na ile simu, inaweza kulia saa yoyote, sauti ya mgeni kwa Kiingereza cha kubabaisha, are you the wife of, wewe ni mke wa fulani, naye amesimama peke yake kando ya pipa la taka, na mie nimekaa hapa na zipu yangu kama pambo. Njooni basi nyie! Washeni taa, piteni pembeni, fanyeni mnavyojua, njooni!

Ananiambia alizungumza naye jana usiku, alipewa nini sijui, maharage na soseji, akauliza kwanza kama ni nguruwe, ndiyo nguruwe, akala mkate mtupu na zile tende zake, anacheka Nadra, na mie nacheka, meno yangu yanacheka, na ndani nimekukasirikia Nabil, nakwambia hivi hivi, nimekukasirikia, kwa sababu wewe breki hukuzijua, kila mteremko mimi nimezishika mpaka vidole vinakufa ganzi, na wewe unanipita umelalia usukani unapiga kelele kama umetoroka jela, nakukuta chini unatafuna tende, umechelewa sheikh, unaniambia, na kona ile mwaka jana ilikuwa na changarawe, nilikwambia, nilikwambia ile kona ina changarawe na ule mti mkubwa uko pale pale nje ya barabara, ukasema nimeuona, sawa, umeuona! Wayne anasema alisikia mlio tu. Alipofika baiskeli ilikuwa bado tairi linazunguka na Nabil keshakwenda. Hata tusi la mwisho hukumwachia mtu.

…kanzu, anasema Nadra. Sikumsikia alivyoanza. Macho yake yametoka kwenye jaketi yakashuka magotini kwangu, umevaa kanzu, anasema, Jumanne hii, na ulimi wangu unatangulia akili, nasema natoka khitma, kumsomea marehemu, shemeji, Silver Spring huko, na nilivyolitamka tu nikajua nimejimaliza, maana mtu wetu ukimtajia khitma hawezi kukuacha, lazima aulize ya nani, na anauliza, khitma ya nani? Humjui, nasema. Mzee? Si mzee. Alikuwa mgonjwa? Nasema hapana, hakuwa mgonjwa, mzima wa afya, ghafla tu, na sauti yake haijabadilika, ni ile ile aliyonikaribishia chai, lakini mkono wake uko juu ya mlango wa gari na umeushika, umeushika hasa, vidole vimekakamaa, na simu ameishusha chini, haiangalii tena ile ramani yake. Ana watoto? anasema. Nikae kimya? Niseme hana, nimfutie Nabil watoto wake? Anao, nasema, wasichana wawili, na hapo hapo mlangoni binti yake mkubwa, Layla, anachungulia, anapiga ukelele kuuliza kama kitone kimesogea, Mommy, did Baba's dot move? Nadra hageuki, ananitazama mie, anasema bado mwanangu, rudi ndani kamwangalie mdogo wako, na mlango unafungwa.

Na mkewe, anasema, huyo marehemu wako, mkewe kaambiwa? Nasema bado. Wanangoja nini? Wanangoja watu watimie, nasema, asiwe peke yake. Anatikisa kichwa polepole, ni kweli, anasema, ndivyo inavyotakiwa, asiwe peke yake… Ewe Mola, nimemwambia. Nimemwambia na sikusema, au yeye amejiambia na kuniepusha mimi nisiseme, ananiulizia neno moja moja kama anavyolishwa mgonjwa, na mgonjwa ni mimi, mimi ndiye niliyekuwa nataka Abdulsamad afike, mimi ndiye niliyetaka Mize akae ubavuni, tunasema tunakusanyika kwa ajili ya mfiwa, uongo mtupu, mie nilitaka watu wajae humo ndani nijifiche nyuma yao. Aliteseka? anasema. Mdomo wake umekauka, maneno yanatoka yana kama vumbi. Hapana, nasema, papo hapo. Wallahi? Wallahi shemeji, rafiki yake alikuwa nyuma yake kidogo tu, alipofika hakuna tena. Halii, innaa lillahi mie siitamki, wala yeye haitamki, tunatazamana tu dirishani kama watu wanaopatana bei, na barabara nyuma yake tupu, hakuna gari, hakuna Abdulsamad, pazia la yule bibi limefunguka tena. Nafungua mkanda, mkono unakwenda kwenye kitasa, nishuke basi, hata adui haachwi asimame hivi peke yake, nausukuma mlango na mlango hauendi, ni yeye, ameuegemea kwa nje kwa mwili wake wote, usishuke, anasema, hakuniita shemeji, ameniita Taufiq, usishuke Taufiq, bado kwanza, watoto hawajala.